Uso wa Mzee Gundi

Ghorofani, juu ya duka la vitambaa,
Mtaa wa nyuma ya soko.
Jumatatu, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulituambia unainuka kitini kwa awamu, kama meza ya kukunja inayofunguliwa. Natumaini umepata nafuu, na kwamba mkaza mjomba hakuachi tena unyanyue mbao peke yako kule karakana. Fundi seremala ni mikono, ndiyo, lakini mikono nayo imeshikizwa mgongoni.

Sisi huku miili yetu ni mizima. Dada yako miguu inamsumbua, ila ulimi bado haujaguswa na ugonjwa wowote. Anakusalimu, na anasema kabati ulilomuahidi tangu nikiwa msichana bado analisubiri. Kipusa wangu ameng'oka meno ya mbele, sasa akitaja jina lake anapiga mluzi. Baba yake yuko safarini na lori kama kawaida.

Roho ndizo haziko sawa, Mjomba. Utashangaa kuona nimekuandikia kwenye karatasi, mimi niliyekuwa nakutumia picha za simu mpaka ukalalamika kwamba simu yako imevimbiwa. Siku hizi simu naiogopa. Ikitetemeka mezani, nami natetemeka. Nakuandikia mchana kweupe, na mlango nimeutia komeo.

Acha nikueleze tangu mwanzo, maana mwisho wake una ombi.

Hapa chini ya ngazi zetu, pembeni mwa mlango wa duka la vitambaa, kuna fundi viatu. Mtaa mzima unamwita Mzee Gundi. Ana kisanduku chake, kigoda kimoja cha kukalia na kingine cha mteja. Kope la jicho lake la kushoto limelala, na shavu la upande huo lina kovu tangu alipoangukia jiko utotoni. Akiwa kazini hubana misumari midogo kwa midomo, anaichomoa mmoja mmoja na kuigongelea kwenye soli. Kwa hiyo ukimsalimia asubuhi, anakujibu kwa nyusi. Kipusa anamwigiza vizuri sana.

Mwaka jana nilimwomba nimchore. Akacheka mpaka misumari ikamtoka. "Mimi? Na jicho hili?" Nikamwambia ndiyo, na jicho hilo hilo. Akakubali, kwa sharti kwamba asiache kazi. Basi nikaketi kwenye kigoda cha mteja na rangi zangu za maji, nikamchora akishona kiatu cha mtoto. Uso, mikono, kile kiatu chekundu na misumari inayong'aa mdomoni. Mjomba, sijisifu, lakini ile ndiyo picha bora kuliko zote nilizowahi kuchora. Mama alipoiona alinyamaza, na wewe unajua Mama kunyamaza ni jambo kubwa kiasi gani.

Nikaipiga picha vizuri, kubwa, kila unywele unaonekana, nikaiweka mtandaoni. Jina langu nililiandika kwa herufi ndogo pembeni, chini kabisa. Watu wakaipenda. Wageni kutoka nchi nisizozijua wakaandika maneno matamu. Nilitembea mtaani kama mtu aliyekanyaga godoro.

Kuna mchora mabango ana kibanda mkabala na nyumba yetu, mtu wa utani mwingi. Aliiona kwenye simu ya mteja wake, akanisubiri nishuke. Akaniambia, "Binti, picha kama ile unaianika bila kibanio? Upepo ukija utaifuata wapi?" Akanieleza kwamba jina lililokaa pembeni ni kama hakuna, kwa kuwa pembe ndiyo inayokatwa kwanza. Nikamjibu, nani atahangaika na picha ya fundi viatu? Akatikisa kichwa, akarudi kwenye bango lake.

Haikuchukua muda nikaiona kwa muuza gundi fulani, ameipachika kwenye tangazo lake na jina langu halipo. Nikamwandikia, hakunijibu. Baadaye nikaiona kwenye fulana. Nilikasirika, nikalalamika hapa nyumbani, lakini hasira ile ilikuwa ya mtu aliyeibiwa embe. Sikujua kwamba kinachotembea huko nje bila mwenyewe ni uso wa mtu.

Sasa nafika kwenye lenyewe.

Kulipotea mtoto upande wa pili wa soko. Msichana mdogo, alitumwa dukani hakurudi. Mji ukaingiwa na baridi. Kila mzazi akaanza kushika mkono wa mwanawe kwa nguvu. Asubuhi nilipompeleka Kipusa shuleni, mwalimu alisimama langoni akihesabu watoto kwa kuwagusa vichwa.

Nilirudi, nikaketi mezani kuchanganya rangi. Simu ikatetemeka. Ni kundi la wazazi wa shule. Mtu ametuma picha ya uso umetiwa giza, jicho limelala, shavu lina kovu, mdomo umebanwa kama wa mtu mwenye chuki. Juu yake maneno makubwa mekundu: MWIZI WA WATOTO HUYU. SAMBAZA KABLA HAJAFIKA KWAKO.

Mjomba, mkono wako unaujua msumeno wako hata ukiushika gizani. Nami niliujua mstari wa brashi yangu. Kivuli kile cha chini ya shavu nilikirudia mara nyingi mpaka kikakaa. Walikata mikono na kile kiatu, wakakata na jina langu. Giza walilolitia likaimeza misumari, ukabaki mdomo uliobanwa tu, na mdomo uliobanwa bila sababu unatisha. Hata mimi niliyeuchora ulinitisha.

Damu ilinipanda kichwani. Nikaandika haraka bila kufikiri: "Hiyo ni picha yangu, nimeichora mimi! Imeibiwa! Huyo ni fundi viatu wa hapa chini ya ngazi zetu, ni mtu mwema." Nikatuma. Nikahisi nimefanya jambo la haki.

Jibu la kwanza lililokuja lilikuwa hili: "Kumbe ni mtu wa kweli. Mtaa gani?"

Na kabla sijagusa simu, mzazi mwingine anayenifahamu akajibu kwa niaba yangu. Akautaja mtaa. Akataja na duka la vitambaa.

Sijui kama nilivaa viatu. Nakumbuka ngazi zikinipita. Nilipofika chini nilikuta watu wameshaanza kujaa, maana soko liko hapo hapo, na habari sokoni haitumii miguu. Vijana wa kuosha magari walikuwepo, wanunuzi na vikapu vyao, akina mama waliowabeba watoto. Mtu mmoja mrefu alikuwa ameinua simu kando ya uso wa Mzee Gundi, anatazama huku, anatazama kule, kama mtu anayelinganisha rangi ya kitambaa.

"Ndiye! Jicho hilo hapo!"

"Muulizeni mtoto yuko wapi!"

Naye maskini hakuweza kujibu. Alikuwa na misumari mdomoni. Alinyanyua mkono kuomba asubiriwe, akaanza kuitoa taratibu, maana misumari haitemwi kama mbegu. Mtu akapiga kelele, "Anatafuna nini huyu? Anameza ushahidi!" Wakamrukia. Mmoja akamshika taya. Mwingine akapiga teke kisanduku, visu na nyuzi na soli vikatawanyika njiani. Nikaona damu mdomoni mwake. Nikapiga kelele kwamba ni misumari, ni misumari tu, lakini sauti yangu ilikuwa kama ya inzi kwenye ngoma.

Kisha likaja jiwe. Halikuwa kubwa. Lilimpata juu ya lile jicho zima, naye akakaa chini polepole, bila kulia, kama mtu aliyekumbuka kwamba amechoka.

Nikageuka nikakimbilia juu. Usidhani nilimkimbia. Nilijua kitu kimoja tu, kwamba picha yenyewe, nzima, iko chini ya kitanda changu. Mlangoni nilipishana na Mama anatoka. Nikamwambia rudi ndani, watakuumiza. Hata hakunitazama.

Mjomba, unajua ngazi za nyumba yetu, na unajua miguu ya dada yako. Ngazi zile huzishuka kwa sababu ya hospitali tu, na hata hapo tunambeba nusu ya njia. Siku ile alishuka mwenyewe ameshika ukuta. Nilipotoka na picha mikononi nilimkuta amekwisha pasua umati kwa ile fimbo yake, amekiinua kigoda cha mteja, amekaa. Akavua ndala ya mguu wa kulia, akamkabidhi Mzee Gundi aliyekuwa bado yuko chini na damu inamtiririka.

"Fundi, kamba yangu imelegea," akamwambia. "Nishonee."

Kijana mmoja wa kuosha magari akamwambia, "Mama, toka hapo. Huyo mtu ni hatari."

"Hatari kwa nani?" Mama akamuuliza. "Mtu huyu anashona viatu vya nyumba yangu tangu wewe hujaanza kunyoa. Na hicho ulichovaa wewe, soli alikutilia nani?"

Kijana akatazama kiatu chake. Mjomba, nilimwona akikitazama. Akarudi nyuma hatua moja, kisha akawa hajui aiweke wapi ile mikono.

Hapo ndipo nilipofunua picha. Nikamwambia yule mrefu aweke simu yake kando ya karatasi. "Tazama hapa. Uso ni huu. Sasa shuka na macho. Mikono hii inafanya nini?" Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akasogea, akaweka kidole karibu kabisa na karatasi, akasema kwa sauti ya chini, "Anashona kiatu cha mtoto. Na hiyo mdomoni ni misumari." Akainama, akaokota msumari mmoja ardhini, ukiwa bado una damu, akauonyesha kwa wenzake.

Hakuna aliyeomba radhi. Nataka ujue hilo. Umati uliyeyuka kutoka pembeni, kama unavyoyeyuka, kila mtu akakumbuka alikuwa anakwenda wapi. Wengine waliondoka bado wakisema penye moshi hapakosi moto. Askari wa kituo cha karibu alifika akamchukua Mzee Gundi, akasema ni kwa usalama wake, na mimi nikaenda naye nimebeba picha, nikaeleza habari ile ile kwa kila mtu aliyeingia mlangoni pale kituoni.

Mtoto alipatikana siku iliyofuata. Alikuwa kwa shangazi yake. Alichoka kusubiri zamu dukani, akapanda gari la shangazi aliyepita, na shangazi akadhani mama ameambiwa. Tulimshukuru Mungu, tulilia. Lakini Mjomba, habari ya kupatikana kwake niliituma kwenye lile kundi, ikasomwa na watu wachache, ikalala. Ile picha yenye maandishi mekundu haikulala.

Tangu hapo nimekuwa nikiifukuza. Mchora mabango alifunga kibanda chake siku nzima, tukakaa naye hapa mezani, yeye na simu yake na mimi na yangu. Hakunikumbusha kwamba alinionya. Tulipeleka malalamiko kwa wenye mtandao. Mashine ikanijibu inanishukuru kwa maoni yangu. Tukapeleka tena, na michoro yangu ya awali ya penseli, na picha zinazonionyesha nikiipaka rangi, ili kuthibitisha kwamba kazi ni yangu. Kurasa kadhaa ziliifuta. Asubuhi yake tukaikuta kwingine.

Aliyeikata mara ya kwanza hatujamjua mpaka leo. Hilo ndilo linaninyima raha kuliko yote. Pengine ni mtu mwovu. Pengine ni mzazi kama mimi, alikuwa na hofu kama yangu, akakuta uso mahali, akadhani anasaidia. Nampita njiani, huenda tunasalimiana.

Mchora mabango amenifundisha kufanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Sasa kazi yoyote ninayoiweka nje naipunguza ukubwa, iwe ya kutazamwa tu na siyo ya kuchapwa. Jina langu linapita katikati ya picha kwa maandishi mepesi, juu ya kile kitu chenyewe, ili atakayetaka kulikata aikate picha vipande. Iliyo kubwa na kamili inabaki nyumbani. Akasema hakuna kufuli inayomshinda mwizi aliyeamua, lakini angalau usimwachie mlango wazi na chai mezani. Ninalala nikiwaza, kama jina langu lingepita juu ya shavu lile, yeyote angeona kwamba huu ni mchoro, umetoka mkononi mwa mtu, wala si picha ya mhalifu iliyopigwa na askari. Pengine hilo tu lingetosha. Pengine lisingetosha.

Nyuso siziwezi tena. Nachora vikombe, ndoo, madirisha. Picha nilizomchora Kipusa na kuziweka huko nje nimezifuta zote, lakini kufuta ni kwangu tu. Sijui ni nani anazo, wala atazifanyia nini siku akihitaji uso wa mtoto. Nikimsindikiza shuleni nawatazama watu wanaomtazama.

Mzee Gundi alirudi kwenye ngazi zetu kidonda kikiwa kimeshonwa. Alifunga kitambaa usoni, mchana wote, kwenye joto hili. Wateja walipungua. Mwenye nyumba alikuja akasema hana tatizo naye yeye, ila ana wasiwasi na madirisha yake. Halafu wiki iliyopita abiria mmoja kutoka mji mwingine, aliyeshuka sokoni tu kununua viazi, alisimama akamkodolea macho, kisha akatoa simu. Mzee Gundi alikusanya vifaa vyake bila haraka, akapanda ngazi, akabisha kwetu kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu.

Nilianguka miguuni pake, Mjomba. Akaniinua. Akasema, "Binti, mimi sijawahi kusafiri popote. Sasa uso wangu umetembea kuliko miguu yangu. Acha na miguu nayo ikaone." Akacheka kidogo, kwa sababu mshono haumruhusu kucheka sana. Mama akamwekea chakula. Hakula.

Sasa ombi langu. Kibaraza cha karakana yako ni kirefu, na ulishasema mwenyewe kwamba ile pembe ya kushoto haina kazi ila kukusanya maranda. Mpe pembe hiyo. Hahitaji zaidi ya nafasi ya vigoda viwili. Ni mtu wa kimya, hasa akiwa kazini, na sababu unaijua. Huko kwenu ni mbali, na mimi najidanganya kwamba picha haijafika. Mama anasema nisijidanganye, nikuambie ukweli: huenda imemtangulia. Huenda hata mmoja wa binamu zangu anayo kwenye simu yake na hajui. Tafadhali waulize kwa upole, na wakiwa nayo waione mbele yake, kisha waifute.

Amebeba bomba la plastiki kwapani. Ndani yake mna ile picha yenyewe, nzima. Nilifikiri sana kabla ya kuitoa. Imetoka nyumbani kwangu sasa, na kama itachanika njiani au itanyeshewa, basi. Huko aliko itamfaa kuliko chini ya kitanda changu. Mtu akimnyooshea kidole, ifungueni.

Nisikuchoshe macho. Mpe shikamoo yangu mkaza mjomba, mwambie Kipusa anaulizia kila siku lini atamsuka. Nisalimie binamu zangu wote, Mrefu, wale mapacha, na Kitinda mimba ambaye nasikia ameanza kukupindia misumari. Dada yako anakuombea, na anakwambia kabati alikwisha kukusamehe, ila hili hatakusamehe ukilikataa. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, awaepushe na shari mnayoiona na ile isiyo na uso.

Sasa ikunje barua hii, Mjomba, na uinue macho. Huyo aliyesimama mlangoni, aliyekuletea, ambaye najua ameinamisha kichwa na hajaomba hata maji, ndiye. Usimkaribishe kwa sauti ya chini. Toka nje kibarazani, umwite mgeni wako kwa nguvu, majirani wote wasikie.

Mpwa wako akupendaye, anayengoja neno lako kwa moyo mzito,

Madoa